Aliyefunga Msafara

Katika msafara wa baiskeli yupo mtu mmoja asiyeruhusiwa kumpita mwenzake. Miguu anayo, pumzi anayo, baiskeli yake nzima, lakini akikuta mtu amepunguza mwendo, naye apunguze. Akikuta mtu amekaa chini, naye ashuke. Huyo ndiye anayefunga msafara. Nyuma yake ni gari tu. Mwaka ule kazi hiyo alipewa Protais wa Bugeshi, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka. Wakubwa wakigawa kazi hawana desturi ya kuuliza.

Walikuwa wameanzia Kamembe, kule ziwa linakoishia, wakawa wanarudi nyumbani Gisenyi kwa kuufuata ukingo wa Ziwa Kivu, kilima baada ya kilima. Gari lililowafuata lilibeba mizigo yao, maji, ndizi, mipira ya akiba na dawa, na yeyote aliyeshindwa kupanda aliingizwa humo, baiskeli yake ikafungwa juu ya paa. Waliliita Ufagio. Msafara wenyewe ulikuwa wa kumkumbuka Nshuti, mwendesha baiskeli aliyependwa na mji mzima, ambaye moyo ulimsimama akiwa bado kijana. Kaka yake, Gad, ndiye aliyeuanzisha, ndiye aliyeuongoza, na ndiye aliyevaa filimbi shingoni.

Na Belise alikuwa mjane wa Nshuti.

Mwanzoni Belise aliendesha mbele pamoja na mashemeji zake, kama alivyopangiwa. Kisha akaanza kurudi nyuma. Kwanza alisema mnyororo unamsumbua. Baadaye likawa goti. Baadaye likawa jua. Walipofika Karongi hakuna aliyeamini tena habari ya mnyororo wala ya goti, maana huyu alikuwa mwanamke aliyezaliwa milimani, na marehemu mumewe mwenyewe alizoea kuuona mgongo wake tu wakipanda. Alikuwa anajichelewesha kwa makusudi. Anayefunga msafara haruhusiwi kumwacha mtu wa mwisho, na Belise alitaka kuwa huyo mtu wa mwisho.

Régis, mchuuzi wa Goma ambaye mdomo wake haukuwa na breki, aliuliza kwa sauti wakati wa chakula kama ni kweli kule nyuma kuna *lune de miel*, fungate, ili wapelekewe shuka. Watu wakacheka hadi wakamwaga chai. Gad hakucheka.

Huko nyuma, wawili wale walikuwa wamesemezana mambo ambayo hawakupata kumwambia mtu. Protais alimweleza juu ya Uwera, mkewe aliyefariki na kumwachia mtoto wao wa kwanza, Igor, na Belise hakumpa pole ile ya kila mtu. Aliendesha karibu yake, goti lake karibu liguse goti la Protais. Belise naye alimwambia kwamba bado huweka sahani ya Nshuti mezani, kisha huiondoa haraka kabla mtoto wao, Mwiza, hajaiona. Protais alimwangalia shingoni, pale nywele zilipolowa jasho zikashikana na ngozi, na aliogopa kuangalia sana, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Belise alipogeuka ghafla na kumkuta anaangalia, hakukwepesha macho. Alitabasamu kidogo, akakanyaga pedali polepole zaidi.

Asubuhi ya mwisho waliamkia Kinunu, mahali pa kahawa, ziwa likiwa limefunikwa na ukungu. Watu walikuwa wakinywa uji na kujaza mipira upepo. Belise alimfuata Protais alipokuwa ameinama kukaza breki, akampa kikombe chake mwenyewe, akachuchumaa pembeni kana kwamba anatazama gurudumu.

"Leo wananivua musiba," alisema.

Protais alijua. Siku hiyo ilikuwa imengojwa. Kwa desturi ya nyumba ile, mjane akifika siku ya kutoka msibani huvishwa nguo nyeupe, akasimama mbele ya wazazi wa mumewe, akaulizwa hadharani ataishi wapi. Akisema anabaki, amebaki. Yeye na mtoto ni wa nyumba ile. Kama kuna mwanaume anayemtaka, mwanaume huyo asimame nyuma yake wakati wa swali, kila mtu amwone kwa macho. Hapo wazee wa pande zote mbili watakaa wazungumze, na habari ya mtoto pia itazungumzwa. Lakini mwanaume anayejitokeza baada ya jibu huitwa mwizi, na jina hilo halimtoki.

"Na utajibu nini?" Protais aliuliza.

"Nikigeuka nikuone, nitasema ukweli."

"Na usiponiona?"

Belise alikwangua tope kwenye tairi kwa ukucha. "Mi siogopi kilima, unajua. Lakini yule mama mukwe alinikamata mukono siku tulimuzika mwana wake, na hajaniachilia mpaka leo. Ananipenda, Protais. Angekuwa mubaya ningemujibu hata nikiwa peke yangu."

"Nitasimama," alisema Protais.

"Hapana, usiseme haraka hivyo."

"Nitasimama nyuma yako, Belise. Sema unayotaka kusema. Mi nitakuwa pale."

Belise akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Macho yake yalikuwa yamevimba, hakuwa amelala. Akachukua kikombe, akakuta Protais amemwachia nusu, akanywa pale pale mdomo wa Protais ulipogusa, akaenda zake.

Ilibidi siku hiyo Belise aendeshe mbele, kwani mjane angeingia mjini katikati ya ukoo wa mumewe. Protais akaenda kwa Gad, akamwomba mtu mwingine afunge msafara, hata kwa siku hiyo moja. Aliomba kwa adabu, kofia mkononi. Gad alikuwa anaongea kwa simu. Alimaliza kwanza, akacheka na aliyekuwa upande wa pili, akaiweka simu mfukoni.

"*Bon*, sikia. Nyuma ni nyuma. Kazi ya mutu haibadilishwi siku ya mwisho."

"Ni kwa leo tu, mukubwa."

"Najua ni kwa leo." Gad akamtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Shemeji yangu ataingia mujini na watu wa nyumba yake. Wewe tuletee wa mwisho. Ndiyo kazi tulikupa."

Akapuliza filimbi.

Hata hivyo tumaini lilikuwepo, na jina lake lilikuwa Sebagabo. Mzee huyu wa Rubavu, mstaafu mwenye ugonjwa wa sukari, aliendesha baiskeli akiwa amevaa koti la suti, na kila siku, ukimtoa Belise, alikuwa wa mwisho. Na kila siku, kilipofika kilima kikubwa, alikubali kuingia Ufagio kwa maneno yale yale: kwamba yeye hajashindwa, ila baiskeli imechoka na inaomba kubebwa. Akishaingia garini, anayefunga msafara anakuwa huru kuendesha atakavyo. Protais alihesabia hivyo. Mzee ataingia garini kwenye mwinuko kabla ya Rubona, naye atakaza miguu, awapate wenzake kabla hawajaingia mji.

Mwinuko ulipoanza, mzee alikuwa anasukuma baiskeli kwa mkono na kusimulia habari za ndoa yake. Honi ikasikika nyuma. Ufagio ukaja, ukawafikia, na haukusimama. Ulipunguza mwendo tu. Dereva alitoa kichwa dirishani akasema Gad amepiga simu: wapiga picha wamefika, wanataka gari lenye bango litangulie kuingia, na kuna maua ya kulifunga. Angerudi kuwachukua.

"Lakini mzee amechoka," Protais alisema, akikimbia kando ya dirisha. "Muchukue sasa."

Dereva alinyanyua mabega. Wakubwa wamesema. Vumbi likawafunika.

Ndivyo gari lililonunuliwa mafuta kwa ajili ya watu wa nyuma lilivyokwenda mbele kupigwa picha. Hata leo ukiwauliza watakuambia halikuwa kosa la mtu.

Hawakwenda mbali. Mzee Sebagabo alinyamaza, na mzee yule hakuwa mtu wa kunyamaza. Protais alipogeuka alimkuta anatoka jasho jingi, mikono inatetemeka, anamwita kwa jina la mtu mwingine na kumuuliza kama ng'ombe wamerudi. Asubuhi alikuwa amejichoma sindano yake ya dawa lakini uji hakuugusa, kwa haraka ya kuogopa kuachwa, na sasa sukari ilikuwa imemshuka. Ndizi zilikuwa garini. Maji ya sukari yalikuwa garini. Protais alimlaza chini ya mikaratusi, akamlegezea koti, akapiga simu kwa Gad. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia maharage alitupa jembe, akakimbia nyumbani kwake na kurudi na mtungi wa juisi ya ndizi. Wakamnywesha mzee kidogo kidogo, kichwa chake juu ya paja la Protais. Ilichukua muda. Chini yao, mbali, Protais aliona paa za Rubona na moshi wa kiwanda cha bia, na barabarani kulikuwa na rangi rangi ndogo zikisogea kuelekea mjini. Ule ulikuwa msafara. Mmoja wa wale alikuwa Belise.

Mzee alifumbua macho, safari hii akijua yuko wapi.

"Nenda," alisema.

"Tulia, muzee."

"Nasema nenda. Kila mutu anajua unaenda kufanya nini leo, hata baiskeli yangu inajua. Huyu mama atakaa na mi. Si ndiyo, mama?"

Yule mwanamke alisema ndiyo, atakaa. Gari likirudi atalisimamisha. Hakuwa na shida yoyote. Alitandika kitenge chake chini, akakaa kabisa, aonekane kuwa hatanyanyuka.

Protais alisimama. Aliinua baiskeli yake, akageuza pedali kwa mguu mpaka ikakaa juu, tayari. Njia yote ilikuwa mteremko. Angeachia breki tu.

Siku ile ya Uwera pia ilikuwa mchana mweupe kama huu. Walikuwa wamembeba kwa machela mpaka kituo kimoja cha afya huko mlimani, mtoto amekataa kutoka, na mkubwa wa kituo alisema gari la wagonjwa limetumwa kwenda kuchukua wageni wa mkutano. Akamwambia Protais akimbie barabarani akatafute gari jingine. Kimbia wewe, mkeo sisi tuko naye. Protais alikimbia. Aliporudi na pikapu ya viazi, alimkuta Uwera peke yake kwenye benchi la nje, amefunikwa kwa kanga yake mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumwambia maneno yake ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyekuwepo kuyasikia. Mkubwa wa kituo baadaye alipandishwa cheo.

Akailaza baiskeli majanini.

"Juu ya nini unakaa? Kwa nini hauendi?" mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa karibu na kulia.

"Ile siku nyingine waliniambia nenda," alisema Protais, "nikaenda."

Akakaa chini, akarudisha kichwa cha mzee pajani. Hakutazama tena barabara ya chini.

Ufagio haukurudi. Mzee alipopata nguvu, waliteremka kwa miguu, Protais akisukuma baiskeli zote mbili, moja kila upande, na mzee ameshika mkanda wake kwa nyuma. Rubona walipata pikipiki. Sebagabo hakukubali kupelekwa kwake. Alipanda, akamwambia dereva waende pale pale kwenye sherehe, akawaambie watu kwa kinywa chake. Protais akafuata na baiskeli. Kilima cha mwisho alikipanda akiwa amesimama juu ya pedali, mdomo wazi, bila kusikia kitu chochote ila damu masikioni.

Nyumba ya wazazi wa Nshuti ilikuwa na ua mpana, na siku hiyo ulijaa. Ufagio uliegeshwa langoni, umeoshwa, umefungwa maua kuanzia mbele mpaka nyuma. Ndani palikuwa na hema, viti, watu wenye nguo nzuri na waendeshaji waliokuwa bado na vumbi miguuni. Watu walikuwa wanaongea kwa kawaida, wanakula. Protais alielewa kwa ule ukawaida. Swali lilishaulizwa.

Gad alimwona wa kwanza. Alisimama, akaomba utulivu, akasema huyu ndiye aliyefunga msafara, huyu ndiye aliyemleta mzee wetu salama, na kwamba msafara haupimwi kwa anayetangulia. Aliongea vizuri. Wakubwa wanajua kuongea. Watu walipiga makofi, na wengine waliokuwa wamecheka pamoja na Régis siku zilizopita waliinamisha macho kwenye sahani zao.

Akaonyeshwa kiti. Na katika nyumba ile mgeni akiketi, mke wa nyumba ndiye huja kumnawisha mikono.

Belise alikuja na jagi na beseni. Alikuwa amevaa mushanana nyeupe, vazi la sherehe la kutupia begani, nywele zimefungwa, na mtu asiyemjua angesema ni bibi arusi. Alipiga goti kidogo mbele ya Protais, kama anavyopiga goti kwa kila mgeni. Protais akanyoosha mikono. Ilikuwa myeusi kwa grisi na udongo.

"Uligeuka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Niligeuka." Maji yalianza kutoka, membamba. "Nikageuka tena. Mama akaniuliza, mwanangu, unatafuta nani? Aliniuliza na upole, Protais. Na upole vile."

"Ukasema nini?"

"Nikasema sitafuti mutu."

Protais alisugua mikono. Uchafu haukutoka.

"Muzee alianguka," alisema.

"Najua. Amekuja kutuambia hapa, analia. Lakini mi nilijua hata kabla hajafika. Nilisimama pale najua kabisa uko na mutu anaumwa mahali fulani, juu mi nakujua. Nilisema mu roho, Protais hajaniacha. Na mudomo bado ulikataa. Ningepata kukuona tu. Hata kama uko mbali, hata ku lango."

"Naweza kusimama sasa niseme."

"Watakuita mwizi."

"Waniite."

"Na Mwiza atakua akisikia wanakuita hivyo. Atasikia wananiita nini mimi?" Akalisogeza beseni chini ya mikono yake. "Nawa, *shenge* wangu. Batu wanaangalia."

Alinawa. Hakuna mtu aliyewahi kunawa polepole namna ile. Belise alimwaga maji tone kwa tone, akiyabana kwa kuliinua jagi, akiyavuta marefu kama alivyovuta barabara yote tangu Kamembe, na wote wawili walijua kwamba jagi lina mwisho. Lilipokwisha, alimpa kitambaa. Vidole vyao viligusana chini ya kitambaa, na Belise akavibana vya Protais kwa nguvu mpaka vikauma. Kisha akaachia.

Mama mkwe, Nyirasafari, alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa mwembamba, mzee kuliko umri wake, na alishika kwa mikono miwili kibuyu cha maziwa. Alimsalimu Protais kwa jina la mwanawe, kama mtu wa heshima.

"Papa Igor. Mulituletea muzee mzima. Mungu awarudishie."

"Amina, mama."

Akamnyooshea kibuyu. Ua ukapunguza sauti, maana wazee walijua maziwa yale ni nini. Yalikuwa yamepita kwa kila mtu baada ya jibu la Belise, na kila aliyekunywa alikuwa shahidi kwamba jibu lile limetoka moyoni mwake bila kulazimishwa. Anayekataa maziwa hayo anasema mbele ya watu kwamba jibu lina walakini, kwamba yule mwanamke ana jambo amelificha. Nyirasafari alilijua hilo. Protais alipomtazama usoni hakuona ujanja. Aliona mama aliyezika mtoto na anayeomba asinyang'anywe Belise pia.

Gad alikuwa ameacha kula.

Belise alisimama pembeni na beseni lake. Mwiza alikuwa amekuja mbio kutoka kwa watoto wenzake, akamkumbatia mama yake kiunoni na kuuchafua ule weupe kwa mikono ya mandazi, na mkono mmoja wa Belise ulikuwa umeshuka wenyewe ukakaa juu ya kichwa cha mtoto. Hakumwangalia Protais. Aliangalia maji machafu katika beseni.

Protais alipokea kibuyu kwa mikono miwili, kama inavyopasa. Akasimama. Akanywa mpaka chini kabisa, kwa sababu anayebakisha huhesabiwa kuwa na shaka, na hakutaka mtu yeyote katika ua ule amtilie shaka Belise. Alipokishusha kibuyu, Belise alikuwa ameshageuka, anamnawisha mgeni mwingine.